Kompyuta Nane kwa Wanafunzi Tisini: Tuanze na Lipi?

Swali: Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari ya kata iliyo karibu na mwalo wilayani Sengerema. Wahitimu wetu wa zamani wametuletea kompyuta mpakato nane zilizokwishatumika, na mkuu wa shule amenikabidhi jukumu la kuwafundisha ujuzi wa kidijitali wanafunzi wa Kidato cha Pili, ambao ni tisini katika mikondo miwili. Sikusomea kompyuta. Umeme upo ila hukatika, intaneti ni ya simu yangu, na chumba tutakachotumia ni darasa la kawaida. Je, nianze na Word na Excel kama wafanyavyo kwenye vituo vya kompyuta mjini Mwanza, au kuna njia inayowafaa zaidi watoto ambao wengi wao ni wa wavuvi na wachuuzi wa dagaa?

Jibu: Mwalimu, usianze na Word, na ile orodha ya sehemu za kompyuta ambayo wanafunzi hukaririshwa siku ya kwanza nayo iweke kando. Anza na swali ambalo wanafunzi wako wanaweza kulijibu kwa kukusanya taarifa wenyewe katika mazingira yao, halafu ilete kompyuta pale ambapo daftari na kalamu vimeanza kuelemewa na kazi. Mwanafunzi aliyejaribu kutafuta wastani wa bei za miezi miwili kwa mkono, akakosea, akarudia na akakosea tena, hahitaji kushawishiwa ili ajifunze Excel. Na kule kutosomea kompyuta kusikukatishe tamaa, kwa sababu mwalimu wa jiografia amezoea ramani, vipimo, majedwali na grafu, vitu ambavyo mafunzo mengi ya kompyuta huvikosa na hivyo kubaki mafunzo ya kubonyeza vitufe.

Nalisisitiza jambo hili kwa kuwa kifaa peke yake hakifundishi, na ushahidi upo. Nchini Peru serikali iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule kupitia mpango wa One Laptop per Child. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walizifuatilia shule za msingi 319 za vijijini, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 hawakuona tofauti yoyote ya maana katika alama za hisabati na lugha kati ya shule zilizopata kompyuta na zile zilizokosa. Palikuwa na dalili njema katika vipimo vya jumla vya kufikiri, na watoto walizizoea mashine zao, lakini kwa masomo yenyewe hali ilibaki vilevile. Kompyuta zilikuwapo, kazi ya kuzifanyia ndiyo iliyokuwa haijaandaliwa vya kutosha, na walimu hawakuwa wameandaliwa vya kutosha kuiongoza.

UNESCO ilipotoa mwongozo wake wa ujuzi wa kidijitali mwaka 2018, iliugawa ujuzi huo katika maeneo saba: kutumia vifaa na programu, kutafuta taarifa na kuzipima, kuwasiliana na kushirikiana, kuunda maudhui, usalama, kutatua matatizo, na stadi zinazohusu kazi. Ukiyatazama maeneo hayo utaona kwamba kozi ya kawaida ya kituo cha mjini hulishughulikia la kwanza na kugusa la nne, kisha mwanafunzi hupewa cheti. Siwalaumu wenye vituo, maana mteja wao ni mtu mzima anayetafuta kazi ya ofisini na ana miezi mitatu tu. Wewe una watoto kwa mwaka mzima, na wengi wao tayari wanashika simu za wazazi, wanapokea na kutuma fedha, wanasoma jumbe za ulaghai na kuzisambaza bila kujua. Hayo maeneo mengine ndiyo wanayoyaishi kila siku.

Sasa nije kwenye mpangilio wa darasa, kwa kuwa ndipo mipango mingi mizuri hufia. Kati ya kompyuta nane, moja usiiguse kwa ajili ya wanafunzi. Itakuwa ya kutunzia nakala za kazi zote na ya kusambazia masomo kama nitakavyoeleza. Zinabaki saba. Ukiwaweka watatu kwa kila kompyuta, wanafunzi 21 wa mkondo mmoja watakuwa kwenye mashine na 24 watakuwa mezani wakifanya sehemu ya kazi isiyohitaji mashine. Mwombe mwalimu wa taaluma akupe vipindi viwili mfululizo, yaani dakika 80 kwa wiki kwa kila mkondo, ili makundi yabadilishane katikati. Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi, kwa sababu dakika kumi za mwanzo zitaishia kwenye kuzitoa kompyuta kabatini na kutafuta soketi.

Ndani ya kundi la watatu weka kanuni isiyovunjwa: mmoja anashika kibodi na kipanya, wa pili anamsomea data na kumwelekeza, wa tatu anaandika katika daftari kila hatua iliyofanyika na kila kosa lililotokea, na nafasi hizo zinazunguka kila baada ya dakika kumi au zaidi kidogo. Anayejua zaidi haruhusiwi kumnyang'anya mwenzake kipanya. Anaruhusiwa kusema tu. Kanuni hii inaonekana ndogo, lakini bila hiyo utamaliza muhula ukiwa na wanafunzi ishirini mahiri na sabini watazamaji. Wasichana ndio huumia zaidi, kwani katika makundi mchanganyiko mvulana hukaa mbele ya kibodi na msichana hugeuka karani. Ikibidi, unda makundi ya wasichana watupu kwa muhula wa kwanza, na usione haya kuwaeleza wazazi na walimu wenzako sababu yake.

Kazi ya kwanza ninayokupendekezea ni bei ya dagaa katika mwalo ulio karibu nanyi. Mfano huu una mambo mengi ndani yake kuliko unavyoonekana, hivyo nitauchambua kwa kirefu.

Wagawe wanafunzi wanaopita mwaloni asubuhi au jioni ili kila siku awepo angalau mmoja wa kuuliza bei. Kabla hawajaenda, darasa zima liamue litauliza nini hasa. Ndoo ya lita ngapi? Iliyojaa hadi ukingoni au iliyofurika? Dagaa wabichi au waliokaushwa? Wa kukaushwa mchangani au kwenye chanja? Bei ya mvuvi kwa mchuuzi, au ya mchuuzi kwa mlaji? Mjadala huo unaweza kumaliza kipindi kizima, na usiuharakishe, kwa kuwa hapo ndipo mwanafunzi anapogundua kwamba takwimu haianguki kutoka juu, kwamba kuna mtu aliyeamua nini kihesabiwe na kwa kipimo gani. Mtoto aliyepita hapo atasoma kila jedwali la gazeti au la ofisi kwa jicho jingine.

Kusanyeni kwa muda usiopungua miezi miwili ya mwandamo, yaani siku kama sitini, kwa kuwa mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu na biashara ya dagaa inaufuata mwezi. Wanafunzi wako wanalijua jambo hili tangu wakiwa wadogo: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za sola, na wakati wa mbalamwezi mwanga wa taa hauwavuti samaki kama unavyowavuta gizani, hivyo mitumbwi mingi hupumzika. Katika daftari la data kuwe na safu ya tarehe, safu ya bei, safu ya hali ya mwezi na safu ya hali ya hewa ya siku hiyo. Safu ya mwisho ni muhimu kwa sababu mvua ikinyesha mfululizo dagaa hawakauki, na mchuuzi wa wabichi hupunguza bei ili asiozewe mikononi.

Baada ya wiki tatu hivi fungueni Excel, au LibreOffice ambayo ni ya bure na inafanya kazi zote mtakazozihitaji. Hapo watakutana na matatizo ambayo hakuna haja ya kuyatunga. Mwanafunzi ataandika bei kama tulivyozoea kuiandika, 3,500/=, na programu itaichukua kuwa maneno badala ya namba, kwa hiyo atakapoagiza jumla itatoka sifuri, au itatoka jumla pungufu bila onyo lolote. Mwache ahangaike nayo kidogo. Mwingine ataandika tarehe 3 Julai kama 3/7, na kwa kuwa kompyuta nyingi zilizotoka nje zimepangwa kwa desturi ya Marekani inayotanguliza mwezi, itasomwa kuwa tarehe 7 Machi. Tarehe 13/7 haitasomeka kabisa kuwa tarehe, na grafu itatoka imevurugika. Kuyarekebisha makosa hayo kunafundisha mambo mawili ya msingi: kwamba mashine hufuata ilichoambiwa na haijui ulichokusudia, na kwamba kila safu ibebe aina moja tu ya taarifa.

Kisha waje kwenye wastani. Chagueni wiki moja ambamo siku moja bei ilipanda ghafla, wapate wastani, halafu wazipange bei zote kutoka ndogo hadi kubwa na kuitazama iliyo katikati. Tofauti kati ya namba hizo mbili ni somo la hisabati na la uraia kwa pamoja. Baadaye wachore grafu ya mstari, wachore tena ileile huku mhimili wa bei ukianzia sifuri na mara nyingine ukianzia shilingi elfu tatu, wazitazame mbili hizo bega kwa bega na waulizane ni ipi ambayo mtu anayetaka kulalamikia bei angeichagua. Mwisho wake waandike taarifa ya ukurasa mmoja kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo wenu, wakieleza walichokiona na kile ambacho data yao haiwezi kukithibitisha. Hapo Word inaingia yenyewe: vichwa vya habari, aya, kuingiza grafu, kusahihisha, kuhifadhi faili kwa jina linaloeleweka badala ya "barua mpya mpya 2". Kuchapa kwa kasi kutakuja kwa mazoezi na kusikupotezee vipindi.

Wale 24 walio mezani wana kazi yao pia. Mojawapo ni kupima taarifa, na kwa hilo karatasi zinatosha. Nakili kwa mkono au chapa jumbe za aina ambazo sote tumezipokea: ule usemao "ile hela tuma kwenye namba hii", tangazo la ajira linaloomba ada ya fomu, ujumbe wa kushinda zawadi katika mchezo ambao hukucheza, na taarifa ya dharura isiyo na tarehe wala chanzo. Changanya na jumbe za kweli, kisha kila kundi lizipange na kutoa sababu. Sababu ndiyo yenye thamani. Mwanafunzi anayesema "huu ni uongo kwa sababu umeandikwa vibaya" bado hajafika, kwa maana tapeli wa leo anaandika vizuri. Anayesema "ningempigia simu mtu huyo kwa namba niliyokuwa nayo tangu awali" amefika. Wafundishe pia kusoma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha muamala, kuhakiki kwa *106# laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi, na kuripoti namba ya tapeli kwa 15040. Haya watayafikisha nyumbani jioni hiyohiyo, na wazazi watajua shule inafanya nini na kompyuta zile.

Kwa kurasa za mtandaoni kuna utaratibu mmoja ninaouamini kuliko orodha zote za "alama za tovuti nzuri". Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, katika utafiti walioutoa mwaka 2017, waliwalinganisha wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho na wahakiki wa taarifa wa vyombo vya habari katika kuzipima tovuti. Wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya ukurasa wakiuchunguza, wakadanganywa na nembo na mpangilio wa kitaalamu. Wahakiki waliuacha ukurasa mapema, wakafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti hiyo, na wakafika kwenye jibu sahihi haraka zaidi. Kwa simu yako moja unaweza kulionyesha hilo mbele ya darasa: wanafunzi wanataja la kutafuta, wewe unatafuta na kusoma kwa sauti. Kifurushi kidogo kinatosha.

Kuhusu intaneti, usiifanye sharti la kuanza. Ile kompyuta ya nane iwekee Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo na kuyasambaza kwa kompyuta nyingine zilizo darasani bila intaneti, na Kiwix, inayokuwezesha kuwa na Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya diski. Mafaili hayo ni makubwa, hivyo yapakue siku utakapokuwa mjini mahali penye mtandao wa kasi, pamoja na vitabu unavyovihitaji kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kama una kishikwambi kati ya vile walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, kitakufaa kwa picha na ramani.

Kabla ya hayo yote, zikague kompyuta zenyewe. Zikiwa na Windows 10, fahamu kwamba Microsoft ilisitisha huduma yake ya kawaida kwa mfumo huo tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Kuzihamishia kwenye mfumo wa Linux ulio mwepesi kutazipa uhai mpya bila gharama ya leseni, ila mtafute fundi anayeujua mfumo huo na usijaribu peke yako kwenye mashine zote nane kwa siku moja. Adui mwingine ni flashi. Flashi inayotoka stesheneri huja na virusi vinavyoficha mafaili na kuacha alama za njia za mkato tupu, kwa hiyo iwepo flashi moja ya shule, nayo isitoke nje ya shule.

Umeme ni hesabu tu. Kompyuta mpakato ya kawaida hutumia wati 45 hivi, kwa hiyo saba ni wati 315, na kwa saa mbili ni wati-saa 630. Betri za kompyuta zilizotumika mara nyingi zimechoka, hivyo umeme ukikatika zote huzimika na kazi isiyohifadhiwa hupotea. Wazoeze wanafunzi kuhifadhi kila baada ya mistari michache, na utapata sababu nzuri ya kuwaeleza tofauti kati ya kumbukumbu ya muda na diski. Kama shule itapata fedha za sola, paneli ya wati 300 ikipata saa nne au tano za jua kali itatosheleza mahitaji ya siku, na betri ya volti 12 yenye ampea-saa 120, ukiitumia hadi nusu tu kama betri za risasi zinavyotaka, itakupa wati-saa 720. Usikubali kuuziwa mfumo mkubwa kuliko huo kwa kompyuta saba. Jambo jingine la huku kwetu ni radi: ngurumo za ziwani huwa nyingi zaidi usiku na alfajiri, basi chomoa kila kitu kwenye soketi kabla ya kufunga darasa. Na jioni ambazo wadudu wanatoka ziwani kama wingu na kufuata taa, usifundishe madirisha yakiwa wazi, kwa kuwa feni za kompyuta huwavuta ndani.

Umesema unafundisha jiografia, basi tumia ramani. Wanafunzi wengi huamini kwamba kujua mahali ulipo kwenye simu kunahitaji bando. Chukua simu yako, zima intaneti, simameni uwanjani na msome latitudo na longitudo. Simu inapokea mawimbi ya satelaiti tu, kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani, nayo unaweza kuihifadhi mapema. Mwanza iko karibu na nyuzi 2.5 kusini mwa Ikweta, na wanafunzi watafurahi kuona namba yao ikibadilika kidogo wakitembea kutoka goli moja hadi jingine. Kisha fungueni OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, mkaangalie kama mwalo wenu, zahanati na njia za miguu zimo. Kwa vijiji vingi vya pembezoni bado kuna mapengo, na kuyajaza ni kazi halisi ambayo mtu wa mbali hawezi kuifanya kwa uhakika kama mwenyeji. Ukitaka kuwaonyesha inakofikia elimu hiyo, waeleze kwamba mwaka 2018 kampuni ya DHL na washirika wake walitangaza matokeo ya majaribio ya ndege isiyo na rubani iliyopeleka dawa kisiwani Ukerewe, umbali wa kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, ikijiongoza yenyewe. Halafu waulize ilijuaje njia juu ya maji yasiyo na alama.

Kuandika programu za kompyuta nisingekuwekea mwaka wa kwanza, isipokuwa kwa klabu ya wachache wanaobaki jioni. Hao wape Scratch, lugha ya vipande vya kupachika iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007, ambayo ina Kiswahili na inaweza kuwekwa bila intaneti. Kwa darasa zima inatosha mchezo wa kadi tano zenye nukta 16, 8, 4, 2 na 1: kadi iliyofunuliwa ni moja, iliyofunikwa ni sifuri, na kwa kadi hizo tano kila mwanafunzi anaweza kuionyesha tarehe yake ya kuzaliwa, kwa kuwa zote zikifunuliwa hufika 31. Ndani ya nusu saa wataelewa namba za kompyuta vizuri kuliko kwa mhadhara wa wiki nzima.

Swali la akili mnemba litakujia hata usipoliuliza. Mwongozo wa UNESCO wa Septemba 2023 ulipendekeza umri usiopungua miaka 13 kwa matumizi ya zana za aina ya ChatGPT bila mwalimu kuwa karibu, na Kidato cha Pili wengi wao wako juu kidogo ya hapo. Mimi ningeitumia mara moja kwa muhula, mbele ya wote, kwa simu ya mwalimu. Iulizeni bei ya dagaa katika mwalo wenu na kwa nini inapanda na kushuka. Itajibu kwa Kiswahili fasaha, bila kusita. Wanafunzi nao watafungua jedwali lao la siku sitini na kusahihisha jibu hilo mstari kwa mstari: lipi limelingana, lipi ni la jumla mno, lipi limebuniwa. Zoezi hilo linawezekana kwa sababu wao wana data na mashine haina, na ndiyo maana nimelipanga mwishoni na wala si mwanzoni.

Kuna mambo mawili ya kiutawala. Mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023 inasisitiza umahiri, kwa hiyo kazi hii unaweza kuiingiza katika azimio lako la kazi la jiografia bila kungoja shule ianzishe Sayansi ya Kompyuta kama somo linalojitegemea, ambalo linahitaji mwalimu aliyelisomea. Pili, usichapishe picha wala majina ya wanafunzi mtandaoni ili kuwaonyesha wafadhili maendeleo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ukitaka picha kwa ajili ya wahitimu waliowaletea mashine, omba idhini ya mzazi kwa maandishi au piga picha ya grafu badala ya sura. Waeleze wanafunzi kwa nini umefanya hivyo. Na kwa kuwa watakuwa wakisambaza jumbe wakati wa likizo, wajue pia kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 humwajibisha mtu anayechapisha taarifa akijua ni za uongo.

Upimaji usiwe wa karatasi ya "taja sehemu tano za kompyuta". Mwisho wa muhula mpe kila mwanafunzi peke yake faili lenye mistari kumi na tano ya bei ambamo umepanda makosa manne: bei yenye alama ya shilingi, tarehe iliyogeuzwa, mstari uliorudiwa, na bei moja isiyowezekana. Ndani ya dakika 20 ayatafute, atoe wastani na bei ya katikati, achore grafu, aandike sentensi mbili kuhusu alichokiona, kisha alihifadhi faili kwa jina lake na tarehe. Kwa kompyuta saba wanafunzi tisini watamalizika kwa zamu 13, na ukifanya zamu mbili kila siku baada ya vipindi, wiki moja na nusu inatosha.